Mpiga Muziki Katika Mji wa Ugenini

Hotuba hii ilisomwa mbele ya vijana wapendao muziki. Tunaipiga chapa hapa kwa faida ya wasomaji wetu ambao hawakupata nafasi ya kuisikia.

Nimeombwa niseme nanyi habari ya mpiga muziki anayeuacha mji wake na kwenda kutafuta riziki katika mji mkubwa wa Ulaya. Najua ya kuwa miongoni mwenu wamo vijana wenye magitaa na sauti nzuri ambao wamekwisha kuliwaza jambo hili usiku na mchana. Sikuja kuwakataza, wala sikuja kuwasukuma. Nimekuja kuwasimulia safari mbili za watu wawili waliojuana na kupendana, kisha mpime wenyewe.

Wazee wetu husema, "Chema chajiuza, kibaya chajitembeza." Mithali hii ni ya kweli sokoni, ambapo mnunuzi huijua ndizi nzuri kwa kuitazama. Lakini je, ni ya kweli kwa mtu aliyefika katika mji asikojulikana, naye bidhaa yake haionekani kwa macho, ila wenyeji wakubali kwanza kunyamaza na kumsikiliza? Hilo ndilo swali letu.

SAFARI YA PARIS

Mtu wa kwanza ni Wolfgang Mozart. Alizaliwa mwaka wa 1756 katika mji wa Salzburg, ambao leo umo katika nchi ya Austria, lakini zamani zile ulikuwa chini ya Askofu Mkuu aliyeutawala kama mfalme. Baba yake, Leopold, alikuwa mpiga fidla katika jumba la Askofu huyo. Mtoto alipokuwa na umri wa miaka saba, baba alimpeleka Paris na kisha London, na wakuu wa Ufaransa na Uingereza wakastaajabu kuona mikono midogo namna ile ikipiga kinanda kwa ufundi wa mtu mzima. Wakampa zawadi na kumbusu.

Mwaka wa 1777 Mozart alikuwa kijana wa miaka 21, amechoka na utumishi wa nyumbani na mshahara wake mdogo. Akaomba ruhusa ya kuondoka. Baba alilazimika kubaki kazini, akakopa fedha za safari, na mama, Bibi Anna Maria, akafuatana na mwanawe. Walipita miji mingi wakitafuta kazi wasipate. Mama alitumaini kurudi nyumbani kutoka Mannheim, lakini baba aliandika barua kwamba aende na kijana mpaka Paris, kwa sababu hakumwamini peke yake. Mama akatii. Walisafiri kwa gari la farasi siku tisa na nusu, wakafika Paris tarehe 23 Machi, 1778.

Sasa sikilizeni jinsi mji ulivyompokea. Watu wa Paris walikuwa wakimkumbuka mtoto wa ajabu wa miaka saba. Kijana wa miaka 22 hakuwa ajabu tena. Alikuwa na rafiki mmoja mwenye cheo, Bwana Grimm, ambaye alimwandikia barua za kumjulisha kwa wakubwa. Kwa barua moja kama hizo alikwenda kwa mke wa Duke mmoja. Aliwekwa nusu saa katika chumba kikubwa kisichokuwa na moto, na baridi ilikuwa kali. Bibi mwenye nyumba alipokuja alimwomba kwa adabu apige kinanda. Mozart alisema kwamba vidole vyake vimekufa ganzi, akaomba apelekwe kwenye chumba chenye moto. Bibi alijibu kwamba ana haki, kisha akaketi mezani akichora picha pamoja na mabwana wengine muda wa saa nzima, na madirisha yamefunguliwa. Mwishowe Mozart akapiga, kwa kinanda kibovu, nao hawakuacha kuchora. Alimwandikia baba yake kwamba alikuwa akivipigia viti na kuta. Lakini Duke mwenyewe alipoingia akaketi kando yake na kumsikiliza kwa makini, Mozart akasahau baridi na kichwa kilichokuwa kikimwuma, akapiga kwa furaha. Kumbe hakuhitaji zaidi ya sikio moja!

Tena kulikuwa na matope. Mozart aliandika kwamba Paris ni pana mno kwa kwenda kwa miguu, na njia zake zina matope yasiyoelezeka. Na mtu akipanda gari, hutumia fedha nyingi kila siku bila faida, kwa kuwa wakubwa humsifu tu na kumwambia arudi siku nyingine. Duke wa Guines, aliyekuwa akipiga filimbi, alimtungisha muziki wa filimbi na kinubi, kwa kuwa binti yake alikijua kinubi sana. Tena Mozart alimfundisha binti huyo kutunga. Wakati wa malipo ulipofika, walitaka kumpa nusu ya haki yake, na ule muziki ukawa bado haujalipwa. Mozart akaikataa hiyo nusu. Hapakuwa na hati, wala shahidi, wala mtu wa kumsemea.

CHUMBA KISICHOINGIA JUA

Lakini katika habari hii yuko mtu mwingine ambaye mara nyingi husahauliwa, naye ni mama. Chumba chao cha kwanza kilielekea ua mdogo, nacho kilikuwa cha giza hata Bibi Mozart aliandika kwamba haoni jua siku nzima, wala hajui hali ya hewa ikoje huko nje. Ngazi ilikuwa nyembamba mno, kinanda hakikuweza kupandishwa. Kwa hiyo kijana alikwenda kufanya kazi yake katika nyumba ya Bwana Legros, mkuu wa maonyesho makubwa ya muziki ya Paris, na mama akabaki peke yake kutwa. Hakujua Kifaransa. Aliandika kwa mzaha wenye uchungu kwamba atasahau hata kusema.

Baadaye walihamia mahali penye nafuu. Mwezi wa Juni mambo ya kijana yakaanza kupata mwanga. Bwana Legros alimwomba simfonia mpya, yaani muziki mrefu wa kupigwa na vyombo vingi pamoja bila kuimba. Ilipigwa tarehe 18 Juni, 1778, Sikukuu ya Mwili wa Kristo. Mozart alijua ladha ya watu wa Paris, akatia humo mambo aliyojua kwamba yatawapendeza. Sehemu ya mwisho aliianza polepole kwa fidla chache, wasikilizaji wakanyamazishana, na mara vyombo vyote vilipopaza sauti wakapiga makofi. Alipotoka alikwenda kula aiskrimu, kisha akasali Rozari kama alivyokuwa ameweka nadhiri, akarudi nyumbani.

Huko nyumbani mama alikuwa mgonjwa. Homa ilizidi, masikio yakaziba, akapoteza fahamu. Usiku wa tarehe 3 Julai akafa katika mji wa ugenini, mwenye umri wa miaka 57. Kando ya kitanda walikuwapo mwanawe, mwuguzi, na rafiki mmoja mpiga baragumu.

Usiku ule ule Mozart alikaa akaandika barua mbili. Ya kwanza ilikuwa kwa baba: alimwambia kwamba mama ni mgonjwa sana, ajiweke katika mapenzi ya Mungu, kisha katika barua hiyo hiyo akamweleza habari ya simfonia, na makofi, na aiskrimu. Ya pili ilikuwa kwa padre rafiki wa nyumba yao, ambamo alisema kweli yote, akamwomba aende kumwandaa baba moyo kabla hajaletewa habari ya msiba. Siku chache baadaye ndipo alipomwandikia baba kwamba mkewe amekufa.

Mabibi na Mabwana, nimeisoma habari hii mara nyingi, na kila mara hufikiri juu ya kijana yule akiandika kuhusu makofi huku maiti ya mama yake ingali chumbani. Wengine wamemlaumu kwa hayo. Mimi siwezi. Alikuwa hana cha kumpa baba usiku ule isipokuwa habari moja njema, naye akaitoa yote.

Bwana Grimm alimwandikia baba kwamba kijana ni mwepesi wa kuamini watu, hana bidii ya kutafuta njia za kujiendeleza, na kwamba afadhali angekuwa na nusu ya kipaji chake na werevu wa dunia maradufu. Mwezi wa Septemba Mozart aliondoka Paris, na mwezi wa Januari, 1779, alikuwa amerudi Salzburg, mpiga kinanda wa kanisa kwa mshahara wa gulden 450 kwa mwaka, kwa bwana yule yule aliyemkimbia.

SAFARI YA LONDON

Mtu wa pili ni Joseph Haydn. Alizaliwa mwaka wa 1732 katika kijiji cha Rohrau, mwana wa fundi wa magurudumu ya magari. Tangu mwaka wa 1761 alikuwa mtumishi wa nyumba ya Esterházy, mabwana wakubwa wenye mali nyingi, akiongoza wapiga muziki wao karibu miaka 30, mara nyingi katika jumba lililokuwa mashambani, mbali na miji. Hakuwa huru kwenda atakako. Lakini kazi zake zilisafiri badala yake. Zilipigwa chapa, zikauzwa Paris na London, watu wasiomjua uso wakazipiga na kuzipenda. Waingereza walijaribu mara kadhaa kumwita asipate nafasi ya kwenda.

Mwezi wa Septemba, 1790, bwana wake alikufa, akamwachia malipo ya uzeeni. Mrithi hakupenda sana muziki. Mara akatokea katika nyumba ya Haydn huko Vienna mtu mmoja jina lake Salomon, mpiga fidla aliyezaliwa Bonn huko Ujerumani, naye alikuwa mkaaji wa London, mwenye kazi ya kuandaa maonyesho ya muziki. Alisikia habari za msiba, akaja mbio. Wakapatana hivi: paundi 300 kwa opera moja, yaani mchezo wa kuimbwa, paundi 300 kwa simfonia sita, na paundi 200 zaidi kwa haki ya kuzipiga chapa, paundi 200 kwa vipande vingine 20 vya muziki, na paundi 200 kama dhamana ya onyesho moja ambalo faida yake itakuwa ya Haydn mwenyewe. Jumla ni paundi 1,200. Tena kabla ya mzee kupanda gari, gulden 5,000 ziliwekwa katika benki ya Vienna ziwe amana. Nawaomba mlikumbuke neno hilo: ziliwekwa kwanza, katika mji wake, si katika mji wa ugenini.

Waliondoka tarehe 15 Desemba, 1790. Mozart, ambaye wakati huo alikuwa akikaa Vienna, alikuja kumuaga. Husimuliwa kwamba alimwambia mzee hana malezi ya kukabili dunia pana, tena lugha azijuazo ni chache. Na Haydn akajibu kwamba lugha yake yeye inafahamiwa duniani kote. Mozart akatokwa na machozi, akasema huenda wanaagana kwa mara ya mwisho. Haydn, mwenye umri wa miaka 58, alidhani kijana anaogopa kwamba mzee atafia njiani.

Siku ya kwanza ya mwaka 1791 alivuka bahari kutoka Calais mpaka Dover. Alikuwa hajapata kuiona bahari maishani mwake, akakaa juu ya sitaha njia nzima akimtazama mnyama yule mkubwa, kama alivyoiita. Siku ya pili yake alikuwa London.

Mji ulimshangaza. Aliandika kwamba kila kitu ni ghali sana, na kwamba kelele za wachuuzi wanaotembeza bidhaa njiani hazivumiliki. Kila mtu alitaka kumwona. Katika siku za kwanza tu alialikwa kula mara sita, na kama angependa angealikwa kila siku. Lakini alijiwekea sheria: isipokuwa kwa watu wenye vyeo vikubwa, hakupokea mgeni mpaka saa nane mchana, ili asubuhi yake iwe ya kazi, na saa kumi alikula chakula nyumbani kwake. Alisema kwamba lazima afikirie kwanza afya yake, na pili kazi yake.

Onyesho la kwanza lilicheleweshwa mwezi mzima, na maneno yakaanza kusemwa. Lakini tarehe 11 Machi, 1791, katika ukumbi wa Hanover Square, Haydn aliketi kwenye kinanda, Salomon akiongoza kwa fidla, na watu wakadai sehemu moja irudiwe. Mwezi wa Mei onyesho la faida yake mwenyewe, ambalo alikuwa amedhaminiwa paundi 200, likaleta paundi 350. Mwezi wa Julai Chuo Kikuu cha Oxford kikampa shahada ya Udaktari wa Muziki. Alikaa mpaka mwaka wa 1792, akarudi tena mwaka wa 1794, na kwa safari hizo mbili alitunga simfonia kumi na mbili ambazo hata leo hupigwa duniani kote. Yeye mwenyewe alisema uzeeni kwamba ilimpasa kwenda Uingereza ndipo apate sifa kwao.

HABARI YA LUGHA

Kazi yangu mimi ni kutafsiri, na labda mnatazamia niwaambie kwamba jibu la Haydn kuhusu lugha ni kosa. Si kosa, lakini si kweli nzima. Husimuliwa kwamba katika mazoezi alitaka sauti tatu za mwanzo zipigwe polepole, wapigaji wakazipiga kwa nguvu mno, naye hakuwa na Kiingereza cha kuwaeleza. Basi akachukua fidla mwenyewe akawaonyesha, wakafahamu mara moja. Huo ndio muziki, na katika huo lugha yake ilitosha. Lakini kodi ya nyumba haizungumzwi kwa fidla. Hati ya mapatano haisomwi kwa kinanda. Haydn aliweza kusema maneno yale mazuri kwa sababu kando yake alikuwako Salomon, aliyejua Kijerumani na Kiingereza, tena mtu ambaye kama Haydn angekosa, yeye naye angekosa. Mama wa Mozart hakuwa na mtu kama huyo katika chumba kile.

MAMBO YA KUSHIKA

Basi sasa tupime. Tusiseme kwamba Haydn alifaulu kwa sababu alikuwa fundi zaidi. Hakuna ajuaye muziki atakayesema hivyo, na Haydn mwenyewe alimwambia baba yake Mozart, mwaka wa 1785, kwamba mwanawe ndiye mtungaji mkuu kuliko wote anaowajua. Tofauti ilikuwa mahali pengine.

Kwanza, kazi itangulie, mtu afuate. Haydn aliingia London ambako muziki wake ulikuwa umekaa miaka mingi kabla yake. Siku hizi wimbo waweza kufika Ulaya kwa dakika moja, mwimbaji angali Kisumu au Lamu. Utume huo kwanza, uone kama kuna mtu atakayeuliza, "Huyu ni nani?"

Pili, shika hati mkononi kabla ya kushika njia. Mali bila daftari huisha bila habari. Iandikwe nyimbo ngapi, kwa fedha ngapi, nani atalipa nyumba, nani atalipa nauli ya kurudi, na haki ya kuuza nyimbo ni ya nani. Na sehemu ya fedha iwekwe nyumbani kabla hujaondoka. Mwenye nia njema hatakasirika ukimwomba hayo, kwa kuwa Salomon hakukasirika.

Tatu, jua nani atakayekuwa mwenyeji wako. Barua za kujulishwa si mwenyeji. Mwenyeji ni yule ambaye hasara yako ni hasara yake.

Nne, sifa zisile saa za kazi. Mji mkubwa una njia mbili za kumwangusha mgeni: kumfungia mlango, na kumwalika kila siku. Ya pili haina uchungu, kwa hiyo ni ya hatari zaidi.

Tano, ukienda na mtu, iwe mke, au ndugu, au mzazi, mhesabu. Wewe utakuwa na muziki wako wa kukutuliza. Yeye atakuwa na nini? Ni nani atakayezungumza naye? Je, dirisha lake litaingiza jua? Ulizeni maswali haya hapa nyumbani, kwa maana kule mtakuwa na shughuli nyingi, na makofi yanapopigwa ni vigumu kusikia mtu anayekohoa chumbani.

Msidhani kwamba nimemdharau Mozart. Mwaka wa 1781 alivunja utumishi wake kwa Askofu Mkuu, akakaa Vienna akiishi kwa kazi ya mikono yake. Mwaka wa 1790 meneja mmoja wa opera wa London alimwandikia akitaka kumpa paundi 300 kwa muda wa miezi sita, lakini hakwenda. Na ule muziki wa filimbi na kinubi, ambao Duke hakuulipia, ungali unapigwa mpaka leo, na jina la Duke yule latajwa hasa kwa sababu hiyo. Kwa hiyo ile mithali ya wazee ina ukweli wake: chema hatimaye hujiuza. Lakini chaweza kujiuza baada ya mwenyewe kufa, na kodi ya nyumba haingoji.

Mozart alifariki tarehe 5 Desemba, 1791, hata miaka 36 hajatimiza, na habari ikamfikia Haydn kule kule London. Yule aliyelia siku ya kuagana alikuwa amesema kweli, ila mzee hakufikiri kwamba atakayeondoka ni kijana.

Vijana wangu, nendeni mkiitwa, na mkienda nendeni na hati zenu. Na kila juma mwandikieni wazazi wenu. Ikiwa mmefaulu waambieni. Na ikiwa mmeshindwa waambieni vilevile, wala msingoje mpaka mpate habari njema ya kutia pamoja na ile mbaya.